Wadudu-koleo: wanavyopandana, wanavyotaga na wanavyolea (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Inua gome la mgomba lililooza chini ya shina, hasa wiki chache baada ya mvua. Mara nyingi utaona mdudu mwembamba, mweusi au wa kahawia, urefu wake kama punje mbili za mchele zilizounganishwa, na nyuma yake koleo. Wengi hukimbilia gizani. Ukimkuta mmoja anayekataa kukimbia, usimkanyage. Huyo ni mama, na chini ya tumbo lake yako mayai. Maswali ya hapa chini ni yale ninayoulizwa kila mara na wakulima, wanafunzi na watu waliomkuta mdudu huyu bafuni wakaogopa. Nimeyajibu kwa urefu pale panapostahili urefu.

Mdudu-koleo ni mdudu gani hasa?

Ni mdudu wa oda iitwayo Dermaptera, yenye spishi zipatazo 2,000 duniani. Hana undugu wa karibu na nge wala tandu, ingawa watu huwachanganya. Hamdhuru mtu kwa sumu, maana hana sumu. Baadhi yao wana mabawa yaliyokunjwa vizuri mno chini ya vigamba vifupi, na wengine hawana kabisa. Kwetu Afrika Mashariki utakutana na Euborellia annulipes, asiye na mabawa na mwenye miguu ya njano yenye pete nyeusi. Utakutana na Labidura riparia kwenye mchanga wa pwani na kando ya mito. Na Diaperasticus erythrocephalus, mwenye kichwa chekundu, kwenye mahindi na mtama. Yule wa Ulaya, Forficula auricularia, ndiye aliyechunguzwa kuliko wote. Ndugu zetu wanaoishi Uingereza au Kanada ndiye wanayemkuta bustanini.

Nitamtambuaje dume na jike?

Tazama koleo. La jike huwa limenyooka, ncha zake zikikaribiana kama za kibano. La dume hupinda kama pembe za ng'ombe. Kwa Euborellia dume ana jambo la ziada: mkono wa kulia wa koleo umepinda kuliko wa kushoto, kana kwamba limetengenezwa na fundi aliyeteleza. Kama koleo halikutoshi, hesabu pingili za tumbo: dume huonekana na 10, jike 8. Kwa kuhesabu utahitaji kioo cha kukuzia na mdudu mtulivu, na mdudu mtulivu ni nadra.

Koleo lina kazi gani wakati wa kupandana?

Wengi hudhani dume hulitumia kumbana jike asikimbie. Sivyo. Kwa spishi nyingi zilizochunguzwa, koleo ni chombo cha kubembeleza na cha kupigana na madume wenzake. Dume humkaribia jike kinyumenyume au kwa ubavu, akamgusagusa kwa koleo, akalitikisa, akampapasa ubavuni kwa vipapasio. Jike naye hunyamaza akakubali, au hujiondokea zake. Asipotaka, hakuna la kufanyika, kwa sababu namna yao ya kupandana inahitaji jike atulie.

Dume mwingine akifika, hapo koleo hubadilika kazi. Wanapigana kwa kugeuziana migongo, kila mmoja akijaribu kumbana mwenzake tumbo. Mara nyingi hakuna anayeumia sana. Mmoja hupima nguvu za mwenzake, akaona haziwezi, akaondoka.

Wanapandana vipi?

Mkia kwa mkia. Dume hurudi nyuma mpaka ncha ya tumbo lake iwe chini ya ncha ya tumbo la jike, kisha hulipinda tumbo lake juu chini ili sehemu za uzazi zikutane. Wakishaungana huwa wanatazama pande mbili tofauti, wametulia tuli. Ukiwakuta chini ya kigae utadhani ni mdudu mmoja mrefu mwenye vichwa viwili. Wanaweza kukaa hivyo kwa muda mrefu, hata saa kadhaa kwa yule wa Ulaya. Wakishtuliwa na mwanga, aghalabu jike ndiye hutembea na dume hukokotwa nyuma yake.

Jike hupandana na madume zaidi ya mmoja, na dume na majike zaidi ya mmoja. Kwa hiyo watoto wa kiota kimoja huweza kuwa wa mama mmoja na baba wawili au watatu.

Ni kweli dume ana uume wa akiba?

Kwa baadhi ya familia, ndiyo, na ni kati ya mambo ya ajabu niliyopata kuyasoma kuhusu wadudu. Familia za kale za wadudu-koleo, akiwamo Euborellia na Labidura, dume ana uume mara mbili: mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto. Kila safari anatumia mmoja tu. Wa pili hukaa umeelekea mbele ndani ya mwili, umetulia.

Mtafiti wa Japani, Yoshitaka Kamimura, pamoja na mwenzake, alichapisha mwaka 2001 uchunguzi juu ya Euborellia plebeja. Ndani ya uume huo kuna mrija mwembamba mno, unaokaribia urefu wa mwili mzima wa dume. Kitu chembamba na kirefu hivyo huvunjika kirahisi. Wawili wakitenganishwa ghafla katikati ya tendo, mrija hukatika na kipande hubaki ndani ya jike. Dume aliyepatwa na hayo hakupoteza uzazi wake. Aliweza kupandana tena kwa uume wa pili na kumpa jike shahawa.

Kwa Labidura riparia Kamimura aliona jambo jingine: karibu madume 9 kati ya 10 huweka tayari ule wa kulia. Ule wa kushoto hauna kasoro, unafanya kazi ukihitajika. Ni kama sisi na mkono wa kula. Kwa jamii za baadaye, kama Forficula, wa kushoto ulipotea kabisa na dume amebaki na mmoja.

Mrija mrefu vile ni wa nini?

Jibu lake liko ndani ya jike. Jike ana mfuko wa kuhifadhia shahawa, na kwa Euborellia mfuko huo ni kijibomba chembamba kilichojikunja, kirefu kuliko mwili wake mwenyewe. Dume anayefika baadaye hukuta shahawa za aliyemtangulia ziko humo. Uchunguzi wa Kamimura wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba mrija wa dume unaweza kuingia na, unapotolewa, kukokota nje shahawa za mpinzani. Lakini kijibomba cha jike ni kirefu kuliko mrija wa dume yeyote. Dume hafiki mwisho. Hazina ya jike haikombwi yote kwa safari moja, na ndiyo maana madume wa namna hii hurudia kupandana na jike yule yule mara nyingi.

Kwa nini madume wengine wana koleo refu na wengine fupi?

Mwaka 1892 William Bateson, yule yule aliyekuja kuipa elimu ya urithi jina la jenetiki, pamoja na mwenzake Brindley, walipima wadudu-koleo wa visiwa vya Farne, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Wakaona madume wamegawanyika makundi mawili: wenye koleo fupi na wenye koleo refu, na wa kati wachache. Wote ni spishi moja.

Baadaye, mwaka 2004, Joseph Tomkins na Gordon Brown walilinganisha visiwa mbalimbali vya Uingereza wakakuta kwamba mahali wadudu walipobanana kwa wingi, ndipo madume wenye koleo refu walipokuwa wengi. Inaingia akilini. Msongamano unamaanisha mapigano, na koleo refu husaidia kwenye mapigano. Pasipo msongamano, kujenga silaha kubwa ni kupoteza chakula. Chakula chenyewe kina sehemu yake pia: tunutu, yaani mdudu-koleo ambaye hajakomaa, aliyekula vizuri ndiye anayeweza kuvuka kiwango cha mwili kinachomfanya aote koleo refu.

Jike akishapandwa hutaga baada ya muda gani?

Si lazima mara moja. Kwa kuwa shahawa amezihifadhi, anaamua mwenyewe, kwa hesabu ya joto, unyevu na shibe. Kule Ulaya hupandana mwishoni mwa majira ya joto na katika majira ya majani kupukutika, kisha jike huingia ardhini na kutaga wakati wa baridi au mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Miezi inapita kati ya tendo na mayai. Kwa hiyo ukimfungia jike peke yake kwenye chupa na baada ya wiki akataga mayai yanayoanguliwa, hakuna mwujiza uliotokea. Alikuja na akiba yake.

Kwenye joto letu, spishi kama Euborellia haina msimu mkali hivyo. Panapokuwa na unyevu na chakula, wanazaana.

Hutaga mayai mangapi, na wapi?

Forficula hutaga kwa kawaida kati ya 30 na 60 kwa mkupuo wa kwanza, na wengine hutaga mkupuo wa pili mdogo zaidi. Euborellia annulipes hutaga mara kadhaa maishani, kila mara makumi ya mayai. Yai ni jeupe lenye rangi ya maziwa, linang'aa, dogo kuliko punje ya ulezi likiwa bichi, kisha huvimba kidogo kwa kunyonya unyevu.

Mahali ni penye giza na unyevu: chini ya jiwe, ndani ya gome lililooza, kwenye tundu la udongo alilolichimba mwenyewe kwa mdomo. Labidura wa pwani huchimba mchangani, chini ya magogo na mwani ulioachwa na bahari, juu ya mstari wa maji kujaa.

Mama hufanya nini siku zote hizo juu ya mayai?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu wadudu walio wengi hutaga wakaenda zao. Nzi hajui mwanawe. Mdudu-koleo hukaa.

Charles De Geer, Msweden, aliandika mwaka 1773 kwamba alimkuta jike juu ya mayai, akayatawanya, na yule jike akayakusanya moja moja kwa mdomo na kuyalalia tena. Nimejaribu mwenyewe, mara moja tu, kwenye bakuli la plastiki lenye udongo uliolowa. Niliyasambaza mayai kwa manyoya ya kuku ili nisiyapasue. Kwa dakika kadhaa alizunguka, vipapasio vikigonga udongo kama fimbo ya asiyeona. Alipogusa la kwanza akalishika kwa taya, akaligeuza, akalilamba, akalibeba hadi pembeni palipokuwa na giza zaidi. Akarudi. Akabeba la pili. Nilienda kunywa chai nikarudi, nikakuta rundo limekamilika na yeye amelifunika kwa kifua, koleo limeinuliwa nyuma. Sikuhitaji kurudia jaribio hilo.

Kulamba kule si kwa mapenzi tu. Mayai yaliyolala kwenye unyevu huvamiwa na ukungu, na mama huondoa mbegu za ukungu kwa mdomo, yai baada ya yai, kila siku. Yatenge mayai na mama kwenye chombo chenye unyevu, na mengi yatavaa utando wa kijivu kabla hayajaanguliwa. Pia huyageuza, huyahamisha udongo ukikauka au ukilowa kupita kiasi, na huyalinda dhidi ya mbawakawa wawindaji, utitiri na wadudu-koleo wenzake, maana wenzake ndio maadui wakubwa wa mayai. Katika muda huo wote yeye hali, au hula kidogo sana.

Muda wenyewe hutegemea joto. Euborellia annulipes ni siku 6 hadi 17. Forficula anayelea wakati wa baridi ya Ulaya anaweza kukaa juu ya mayai wiki nyingi, hata miezi.

Basi kwa nini nimemwona akila mayai yake?

Kwa sababu alisumbuliwa, au alikuwa na njaa kali, au mayai yale yalikuwa yameharibika. Yai lililokufa likiachwa hulea ukungu unaoambukiza mengine, hivyo kulila ni usafi. Kwa wadudu-koleo wa pwani imeonekana pia kwamba mama hula baadhi ya mayai mazima na kuendelea kulea yaliyobaki. Ana wiki za kufunga mbele yake, na akifa yeye yote yatakwisha. Lakini ukikuta ameyala yote, jiulize kwanza kama ni wewe uliyefunua kiota mara tatu kwa siku.

Watoto wakianguliwa inakuwaje?

Hutoka tunutu weupe, laini, wanaofanana na mama kwa umbo ila hawana mabawa na koleo lao ni jembamba. Baada ya saa chache rangi huanza kuiva. Hakuna hatua ya buu wala bundo kama kwa kipepeo; tunutu hujivua ngozi tu na kukua, mara 4 kwa Forficula, mara 5 na pengine 6 kwa Euborellia, ndipo anakuwa mtu mzima.

Katika hatua ya kwanza hukaa na mama kiotani. Mama hutoka usiku, hula, hurudi na kuwacheulia chakula, au huwaletea kipande. Utafiti uliofanywa Basel, Uswisi, na Mathias Kölliker na wenzake umeonyesha kwamba tunutu hutoa harufu inayobeba habari ya shibe au njaa yao, na mama hupanga utafutaji wake kwa harufu hiyo. Hawalii kama vifaranga, ila wanasikika.

Cha kushangaza ni kwamba tunutu wa Forficula wakikosa mama wanaweza kuishi. Wanajitafutia, na hulana pia. Malezi hayo ni msaada mkubwa, si sharti la uhai. Na yana mwisho: kadiri tunutu wanavyojivua ngozi, subira ya mama hupungua. Kwa Euborellia malezi hufifia upesi, ndani ya siku kama 10 baada ya kuanguliwa, na wasiotawanyika wana hatari ya kuliwa.

Nimesikia watoto humla mama yao. Ni kweli?

Kwa spishi moja ya Japani, Anechura harmandi, ni kweli, na ni kawaida yao. Huishi kwenye mabonde ya milimani, karibu na vijito, na hutaga wakati wa baridi ambapo chakula ni haba. Mama huwalea mayai mpaka yaanguliwe, kisha tunutu humla kabla hawajatawanyika. Watafiti walipomwondoa mama kabla ya kuliwa, tunutu wengi zaidi walikufa. Mama naye hana kingine cha kungojea, maana spishi hiyo hutaga mkupuo mmoja tu. Nimewahi kulisimulia hili darasani na mtoto mmoja wa kike akalia. Sikumwambia anyamaze.

Baba yuko wapi muda wote huo?

Kwa Forficula dume na jike huweza kuingia pamoja kwenye shimo la majira ya baridi. Wakati wa kutaga ukikaribia, jike humfukuza. Dume akibaki, mayai yako hatarini kwake.

Kuna wadudu-koleo wanaozaa badala ya kutaga?

Wapo, na hawa ni wetu. Jenasi ya Hemimerus huishi Afrika tu, kwenye manyoya ya panya buku, wale panya wakubwa wenye mkia mrefu wa ncha nyeupe ambao Morogoro hufunzwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Hemimerus ni bapa, hana macho wala mabawa, na mahali pa koleo ana nywele mbili ndefu. Hula ngozi iliyokufa na kuvu ya mwili wa panya, hamnyonyi damu. Mimba zake hulelewa ndani ya mwili wa mama kwa tishu inayofanya kazi kama kondo la nyuma, na mtoto huzaliwa hai, tayari kushika unywele. Jambo hilo lilielezwa na Hansen mwaka 1894. Ukifikiri, lina maana: yai lingetagwa wapi kwenye mgongo wa panya anayekimbia? Kundi jingine linalozaa huishi na popo wa Asia ya Kusini Mashariki.

Je, huingia sikioni mwa mtu ili atage?

Hapana. Imani hiyo ni ya zamani huko Ulaya, na hata jina lake kwa lugha kadhaa za kule lina sikio ndani yake. Mdudu yeyote mdogo anaweza kupotelea sikioni mwa mtu aliyelala chini, lakini sikio si kiota chake: ni kavu, na hakuna udongo.

Wakizaana shambani ni hasara?

Kwa sehemu kubwa ni faida. Diaperasticus hula mayai na funza wadogo wa bungua wa mabua kwenye mahindi. Euborellia na Labidura huwinda kwenye takataka za migomba, ambamo fukusi wa migomba hutaga. Huko Brazili jamaa yao, Doru luteipes, hutaga katikati ya majani machanga ya mahindi yaliyojikunja na hula mayai na viwavi wadogo wa viwavijeshi vamizi, wale wale walioivamia Afrika kuanzia mwaka 2016. Ni kweli hutafuna mche laini, petali na tunda lililoiva likapasuka. Lakini mkulima anayepuliza dawa kila anapoona koleo anawaua walinzi wake pamoja na kiota kizima, kwa sababu mama hatakimbia.

Nimefunua kiota bila kukusudia. Nifanye nini?

Rudisha ulichokiinua vile vile kilivyokuwa, upande ule ule, taratibu, usimponde mama. Usiyaguse mayai kwa vidole. Jasho na joto la mkono haviyafai. Kama gome limevunjika, weka jani la mgomba lililonyauka juu yake na kulowesha kidogo pembeni. Kama ni lazima ulime hapo, chota udongo wote wa kiota pamoja na mama kwa jembe la mkono na upeleke kivulini. Akiwa bado juu ya mayai ulipomtua, umefanikiwa. Yakitawanyika, mwachie giza na uondoke; atayatafuta mwenyewe.